Gofu Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu swingi (mwendo wa kupiga mpira) na fimbo

Maswali haya nimeyasikia reinji, kwenye maegesho ya magari, na zaidi ya kote kwenye tii ya kwanza (pahali pa kuanzia shimo), pale mtu anaposhika fimbo mpya na viganja vinatoka jasho. Nimejibu nikifikiria viwanja vyetu vya hapa, pamoja na mwinuko, nyasi na mvua zake. Maelezo ya mikono ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze upande.

## Kuanza

Lazima niwe mwanachama wa klabu ndipo nicheze?

Hapana. Golf Park, iliyo ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, hupokea yeyote anayelipa ada, na ina reinji ya kufanyia mazoezi. Klabu nyingine nyingi pia hukaribisha wageni, hasa siku za kazi. Piga simu kwanza, kwa sababu wikendi uwanja huwa umechukuliwa na mashindano ya wanachama. Vaa shati lenye kola, acha jinzi nyumbani.

Wengi huogopa mlango wa klabu kuliko mchezo wenyewe. Naelewa. Royal Nairobi ilianzishwa 1906, Karen 1937, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba begi la mtu mwingine. Siku hizo zimepita. Ingia, salimia, uliza.

Nianze na fimbo au na mwalimu?

Mwalimu, na hapa sibadilishi msimamo. Mimi nilianza na fimbo. Nilinunua draiva (fimbo ndefu ya pigo la kwanza) yenye shafti, yaani mti wa fimbo, ngumu kwa sababu muuzaji aliniambia mwanamume hachezi na shafti laini, na kwa miaka miwili kila mpira wangu ulikata kulia. Nilipomwendea mwalimu hakuigusa ile draiva. Alinipa aini namba 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati), akausogeza mkono wangu wa kushoto upana wa kidole kimoja kuelekea kulia, akaniambia nipige polepole. Mpira wa nne ulienda sawa.

Masomo matano ya mwanzo, kwa fimbo za kuazima, yatakusaidia kuliko begi zima jipya. Baada ya hapo utajua unanunua nini na kwa nini.

Nahitaji kedi?

Klabu kadhaa zinamtaka, na hata pasipo sharti ningemchukua. Kedi aliyezunguka uwanja mmoja kwa miaka kumi anajua grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) inakomwaga maji, na maji yanakokwenda ndiko mpira unakoelekea. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kama makedi, kwa hiyo huenda anayekubebea begi anakushinda mchezo kwa mbali. Muulize kwa heshima: "Mzee, hapa inakata wapi?" Kisha mwamini. Malipo myapatane kabla ya tii ya kwanza.

## Swingi

Mshiko sahihi ni upi?

Fimbo ilale kwenye mizizi ya vidole vya mkono wa kushoto, isilale katikati ya kiganja. Ukifunga mkono na kutazama chini uone vifundo viwili au viwili na nusu. Mkono wa kulia unakuja chini yake, kiganja kikifunika kidole gumba cha kushoto. Mistari miwili inayochorwa kati ya gumba na kidole cha shahada, katika kila mkono, ielekee bega lako la kulia.

Kuhusu kidole kidogo cha kulia, wengine hukilaza juu ya vidole vya kushoto, wengine hukifungamanisha na cha shahada, na wenye mikono midogo hushika kwa vidole vyote kumi kama mpini wa jembe. Zote tatu ni halali. Kosa ni kukaba. Shika kama ulivyoshika kifaranga: kisitoroke, kisife.

Mshiko mpya utauma na utahisi si wako kwa wiki mbili tatu. Wengi hurudi kwenye ule wa zamani wiki ya kwanza, na hapo ndipo wanapokwama kwa miaka.

Kwa nini mpira wangu unakata kulia kila mara?

Kwa sababu uso wa fimbo uko wazi, yaani umegeukia kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo inapita. Ukiacha upepo, na ukipiga kwa katikati ya uso, hiyo ndiyo sababu. Mpira huanza safari karibu na pale uso unapoelekea, kisha hujipinda ukiikimbia njia ya fimbo. Fimbo ikitoka nje (mbali na mwili) kuingia ndani huku uso ukibaki wazi, mpira utaenda kulia tu.

Ubaya ni kwamba dawa ya kienyeji huongeza ugonjwa. Mtu anaona mpira unaenda kulia, anasimama akielekea kushoto ili kufidia. Mabega yakielekea kushoto, fimbo inapita kutoka nje kwenda ndani zaidi ya awali, na mpira unajipinda zaidi.

Anza na mshiko, kama nilivyoeleza kwenye swali lililotangulia. Walio wengi wameuweka mkono wa kushoto dhaifu mno, yaani umegeukia kushoto kupita kiasi. Kisha laza fimbo mbili ardhini, moja mbele ya vidole vya miguu na nyingine upande wa pili wa mpira, zote zikielekea unakolenga, uone unasimama wapi kweli. Mwisho, piga mipira ishirini kwa nusu swingi ukikusudia ianze kulia na kurudi kushoto. Ukiweza kuupinda mpira kushoto kwa kutaka, umeshauelewa ugonjwa wako.

Aini zangu zinapiga ardhi kabla ya mpira. Nifanye nini?

Aini hushuka. Inagusa mpira kwanza, kisha inakata nyasi mbele ya mpira. Anayejaribu kuunyanyua mpira kwa kuuchota hubakiza uzito kwenye mguu wa kulia, na sehemu ya chini kabisa ya swingi huangukia nyuma ya mpira. Mwinamo wa uso wa fimbo ndio unaonyanyua mpira, wewe usiusaidie.

Weka taulo lililokunjwa sentimita 10 hivi nyuma ya mpira, upige bila kuligusa. Maliza swingi ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto kiasi kwamba unaweza kuinua wa kulia. Na jihadhari na zulia la reinji: linaficha kosa hili. Fimbo ikigonga zulia inateleza hadi kwenye mpira na unaona umepiga vizuri. Ukifika uwanjani, ardhi haitelezi. Reinji ikiwa na sehemu ya nyasi, omba hiyo.

Na draiva?

Kinyume chake. Mpira uwe mbele, usawa wa kisigino cha kushoto, juu ya tii (hapa ni kile kijiti cha kuwekea mpira) kiasi cha nusu yake kuonekana juu ya kichwa cha fimbo, na uupige fimbo ikianza kupanda. Anayeishusha draiva kama aini hupata mpira unaopaa juu na kuanguka karibu.

Nikosapo kusukuma mpira wa mita moja kuingia shimoni, tatizo ni macho au mikono?

Mara nyingi ni uso wa fimbo. Mpira unaosukumwa huanza karibu kabisa na pale uso unapoelekea, na shimo lina upana wa milimita 108 tu. Chomeka tii mbili ardhini, nafasi kati yake izidi kidogo upana wa fimbo ya kusukumia, upitishe fimbo katikati mara hamsini bila kuzigusa. Zoezi hili linafanyika hata sebuleni kwa kutumia vikombe viwili, na kwa anayeishi ghorofani ndilo zoezi bora kuliko yote.

Kwa mipira ya mbali, sahau shimo. Jali mwendo: mpira ukikosa, usimame shibiri moja au mbili nyuma ya shimo.

Naweza kufanya mazoezi kwenye uwanja wa wazi mtaani?

Usipige mipira halisi. Mpira wa gofu hubeba gramu 45 hivi na huumiza vibaya. Tumia ile ya plastiki yenye matundu.

## Hewa na nyasi za Nairobi

Ni kweli mpira huenda mbali zaidi hapa?

Ni kweli, na ndiyo sababu ya watu wengi kuaibika wakishuka Pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Mpira unapata ukinzani mdogo, hivyo huruka mbali zaidi, asilimia 6 hadi 10 hivi kwa mchezaji wa kawaida. Anayepiga kwa kasi hufaidi zaidi ya anayepiga polepole.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba hewa nyepesi pia hupunguza kujipinda. Slaisi yako ya hapa, yaani ule mpira unaokata kulia, ni slaisi iliyostiriwa. Ukienda Nyali au Vipingo, aini namba 7 inayokupa yadi 150 nyumbani itakupa 140 hivi, na ule mpira uliokuwa ukiangukia ukingo wa feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) utaingia vichakani. Ukiwa Pwani ongeza fimbo moja, yaani namba 6 badala ya 7, na usilenge karibu na mipaka. Nasi tunapokea wageni wenye tatizo la kinyume: wanapita juu ya grini mashimo manne ya kwanza kabla hawajaamini.

Kwa ununuzi, maana yake ni hii: jedwali la umbali lililo kwenye sanduku la fimbo lisikuongoze. Pima mwenyewe, hapa hapa, mpira ukianguka, ukiacha ule umbali wa kujiviringisha.

Kwa nini nyasi za kikuyu zinanishinda karibu na grini?

Nyasi hizi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, yaani kwetu, na kutoka hapa zimesambaa hadi Australia, Afrika Kusini na California. Uwanja wa Riviera wa Los Angeles unajulikana kwazo. Ni nene, zina vikonyo vinavyotambaa, na zinakua kwa haraka mno mvua zikinyesha.

Kwenye feawei ni rafiki: zinaubeba mpira juu kama umewekwa kwenye tii fupi. Kando ya feawei ni habari nyingine. Vikonyo hushika shingo ya fimbo na kuugeuza uso kushoto. Chukua fimbo yenye mwinamo mkubwa, fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, shuka kwa mwinuko mkali, na ridhika kurudi kwenye feawei. Nimeona watu wakivuta haibridi (fimbo ya masafa iliyo kati ya aini na mbao) kutoka nyasi za kifundo cha mguu wakitaka kufika grini. Shimo la pigo nne linakuwa la pigo nane.

Karibu na grini, sahau ile chipu ya chini inayodunda na kuviringika, mnayoiona kwenye mashindano ya Uskoti. Mpira ukidunda kwenye kikuyu hukwama palepale. Upitishe hewani, uangukie kwenye grini yenyewe, hata kama ni hatua moja ndani. Kuhusu fimbo ya kutumia, tazama jibu la weji (fimbo fupi yenye mwinamo mkubwa) hapa chini.

Nicheze wakati wa mvua za masika?

Cheza, asubuhi. Kati ya Machi na Mei mvua mara nyingi huja mchana au jioni. Taulo mbili, glovu ya akiba kwenye mfuko wa plastiki, na kwa kila pigo chagua fimbo ya masafa zaidi kwa namba moja, kwa sababu mpira hauviringiki. Kwenye banka, mchanga uliolowa hushikana na mpira hutoka kwa kasi, kwa hiyo punguza swingi.

Ukisikia radi, acha mchezo. Kanuni zinakuruhusu kusimama mwenyewe ukiona kuna hatari ya radi, hata king'ora hakijalia. Usijifiche chini ya mti.

## Kuchagua fimbo na mipira

Nahitaji fimbo ngapi?

Kanuni zinaruhusu 14 kwa wingi, na hakuna idadi ya chini. Saba zinatosha mwaka wa kwanza: haibridi au mbao (fimbo ndefu yenye kichwa kinene, ingawa siku hizi ni cha chuma) yenye mwinamo wa digrii 20 hivi, aini namba 6, 7 na 9, weji ya kawaida, weji ya mchanga, na fimbo ya kusukumia. Sikuitaja draiva kwenye orodha yangu kwa makusudi. Ndefu, nyepesi, uso wake karibu umesimama wima, nayo ndiyo inayoadhibu kosa la anayeanza kuliko zote. Inunue pale mipira ya aini namba 7 itakapokuwa inanyooka.

Draiva ikifika, chagua yenye digrii 10.5 hadi 12. Digrii 9 ni ya mtu anayepiga kwa kasi kubwa.

Za mtumba ni salama?

Ni salama, na kwa wengi wetu ndiyo njia pekee ya busara. Aini ya miaka kumi iliyotunzwa hupiga karibu sawa na ya mwaka huu. Kagua hivi: pitisha ukucha kwenye mifereji ya uso, isiwe imelainika. Shafti ya chuma isiwe na kutu karibu na shingo. Shafti ya grafiti ipinde taratibu huku sikio likiwa karibu; ikilia kama kijiti kikavu, iache. Tikisa kichwa cha draiva, kisitoe mlio.

Fimbo bandia zipo sokoni, zimepakwa rangi vizuri tu. Seti nzima ya jina kubwa kwa bei ya fimbo mbili ni dalili. Maandishi yaliyopinda, namba ya utambulisho isiyopo shingoni, na uzito unaotofautiana kati ya fimbo jirani ni dalili nyingine. Mpe mwalimu au kedi wako aishike kabla hujatuma pesa.

Shafti yangu iwe ngumu kiasi gani?

Herufi zilizo kwenye shafti, kutoka laini hadi ngumu, ni L, A, R, S na X. Kasi ya kichwa cha draiva ikiwa chini ya maili 85 kwa saa, A au L inafaa. 85 hadi 95, chukua R. 95 hadi 105, S. X waachie wachache. Herufi hizi hazina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote, kwa hiyo R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule.

Usichague kwa jinsia wala kwa umri. Wapo kina mama wanaopiga kwa kasi ya R na vijana wenye misuli wanaohitaji A. Shafti ngumu kupita uwezo wako kwa kawaida huacha mpira chini na kulia, na ndiyo iliyonitesa mimi pamoja na mshiko.

Kupimwa fimbo kuna maana kwangu ninayeanza?

Kidogo. Swingi yako itabadilika sana miezi sita ya kwanza. Kipimo kimoja tu usikikwepe, nacho ni urefu wako na wa mikono yako. Mtu mrefu mwenye fimbo fupi huinama mpaka mgongo unamuuma. Handikepu (namba ya kiwango chako; ikiwa ndogo unacheza vizuri zaidi) ikishuka chini ya 20 hivi, hapo nenda upimwe sawasawa, hasa pembe ya kulala ya kichwa cha fimbo: alama za nyasi zikiwa nyingi upande wa kisigino, aini imesimama mno na itakupeleka kushoto.

Weji gani kwa viwanja vyetu?

Yenye digrii 54 au 56, na sehemu ya chini iliyotuna, digrii 10 hadi 14. Ule utunaji huizuia fimbo isizame kwenye kikuyu na kwenye udongo ulionyeshewa. Weji ya digrii 60 yenye chini bapa huonekana nzuri mikononi mwa wanaocheza mashindano ya Kenya Open kule Muthaiga na Karen, lakini kwa anayeanza hupita chini ya mpira.

Mipira gani ninunue?

Ya tabaka mbili, ya bei nafuu, hadi uache kupoteza mitatu kwa raundi. Mipira ya ganda laini la yurethani husimama vizuri kwenye grini. Mipira ya kuokotwa ni sawa. Iliyokaa sana bwawani huweza kupoteza umbali, na iliyopakwa rangi upya huwezi kujua ina nini ndani.

Nimkatie mtoto fimbo zangu za zamani?

Hapana. Ukiikata, shafti inakuwa ngumu zaidi na kichwa kinabaki kizito cha mtu mzima. Mtoto hulazimika kuirusha kwa mgongo na anajifunza swingi mbaya. Mnunulie tatu za watoto.

Gripu (sehemu ya kushikia fimbo) zibadilishwe lini?

Zikianza kung'aa. Kwa anayecheza kila wiki ni kama mara moja kwa mwaka. Gripu ngumu humfanya mtu akabe fimbo bila kujua.

## Mambo yanayotokea mara chache

Tumbili amechukua mpira wangu. Nahesabiwa pigo?

Huhesabiwi. Viwanja vilivyo karibu na Karura watu hukutana na hili. Kama mpira ulikuwa umetulia, na unajua au una hakika kubwa kwamba ni mnyama aliyeuchukua, weka mwingine pale ulipokuwa. Ikibidi kadiria mahali. "Nadhani ni tumbili" haitoshi. Kedi akisema kwa uhakika kwamba alimwona, inatosha.

Mpira umezama kwenye tope la feawei.

Unaruhusiwa kuuinua, kuusafisha, na kuuangusha kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo moja, usikaribie shimo. Hakuna adhabu. Kwenye banka ruhusa hii haipo.

Nimeupoteza. Natafuta kwa muda gani?

Dakika tatu, tangu 2019. Ukishindwa, rudi ulikopigia na ongeza pigo moja. Kabla ya kuondoka kwenye tii, tangaza na upige mpira wa akiba ukiwa na shaka; usipotangaza, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako.

Nimecheza raundi tatu. Naweza kupata handikepu?

Ndiyo, kupitia klabu. Mfumo wa dunia ulioanza 2020 unahitaji alama za mashimo 54, na kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa wanaume na wanawake. Ukishakuwa na raundi 20, hesabu huchukua wastani wa 8 zilizo bora. Peleka kadi zote, hata ile ya siku mvua ilipokunyeshea mashimo tisa ya mwisho.